Mawe ya kabati: kukusanya, kutambua na kupanga madini nyumbani

Kuna mawe ya pete na kuna mawe ya kabati. Ya pete, hapa Arusha kila mtu ana habari zake: rubi safi, tsavoraiti (ganeti ya kijani) isiyo na ufa, tanzanaiti ya buluu iliyokolea, vitu vinavyopimwa kwa karati na kukunjwa kwenye karatasi ndani ya mfuko wa shati. Hayo waachie wenye leseni na wenye mitaji. Mimi ni fundi wa vioo na aluminiamu, hela yangu inatoka kwenye madirisha ya watu, na ninachokusanya ni kile ambacho mkataji wa vito akishakitazama anakisukuma pembeni: ganeti iliyong'ang'ania kwenye mwamba wake, rubi yenye ukungu isiyopitisha mwanga, kwatsi iliyovunjika ncha. Kwa mkataji hizo ni taka, hazitoi kito. Kwa mkusanyaji ndiyo mali yenyewe, maana jiwe likiwa bado limeshikana na mwamba wake linaonyesha limekua wapi, limekua na nani, na lilibanwa upande gani. Ukilikata, unabaki na rangi tu.

Kijana wa kwenye duka la kukata ninakonunua aliniuliza zamani, "Fundi, hiki si kifusi? Unakipeleka wapi?" Nikamjibu nakipeleka sebuleni. Alicheka, lakini siku hizi akipata kipande kizuri kisichokatika ananiwekea kwenye ndoo. Wakati mwingine kipande kizima cha mwamba uliojaa ganeti kinatoka kwa bei ya wali maharage. Anayeanza hobi hii kwa kutafuta mawe ya thamani atafilisika au atatapeliwa. Anayeanza na ndoo ya mkataji atajifunza.

Sheria, tumalizane nayo

Tanzania, madini yote yaliyo ardhini ni mali ya Jamhuri, hata kama shamba ni la babu yako. Kuchimba kuna leseni yake na biashara ya madini ina leseni yake. Tangu mwaka 2019 serikali ilipoanzisha masoko ya madini mikoani, la kwanza likiwa Geita, mtu wa kawaida hana sababu ya kununua jiwe uchochoroni. Nunua kwa muuzaji mwenye leseni, dai risiti, na risiti hiyo uitunze kama unavyotunza jiwe. Tanzanaiti ghafi mimi siigusi kabisa. Ina utaratibu wake, na ule ukuta wa kilomita 24.5 uliojengwa Mererani kuzunguka machimbo yake mwaka 2018 haukujengwa kwa ajili ya mapambo.

Ndani ya hifadhi za taifa huokoti hata kokoto. Kwenye machimbo ya kokoto au ya jasi, mwombe mwenye machimbo kwanza, na ukiwa na wasiwasi wowote ofisi ya Afisa Madini Mkazi ipo na kuuliza ni bure. Ukitaka kumpelekea shemeji yako aliyeko Ulaya jiwe la zawadi, kuna kibali cha kusafirisha madini nje. Usilitumbukize tu kwenye begi ukitegemea kwamba ni dogo.

Na usiingie kwenye mashimo yaliyoachwa. Hakuna fuwele inayolingana na kufukiwa.

Visukuku: tazama, piga picha, acha palepale

Wanaoanza hupenda kuchanganya madini na visukuku kwenye kapu moja. Mwamba ni mmoja, lakini sheria si moja. Mifupa ya wanyama na mabaki ya mimea yaliyogeuka jiwe yanalindwa na Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, na kuyachimba bila kibali ni kosa. Hata sheria ingekaa kimya, bado ningesema uyaache. Mfupa ukiutoa kwenye tabaka lake umeupotezea umri, kwa sababu umri wa kisukuku unasomwa kutoka kwenye tabaka kilimolala na majivu ya volkano yaliyo juu na chini yake. Zile nyayo za Laetoli zilizofukuliwa mwaka 1978 zinajulikana zina umri wa miaka milioni 3.6 kwa sababu zilikutwa mahali pake, ndani ya majivu.

Sisi pia tuna kidonda chetu. Kule Tendaguru, mkoani Lindi, Wajerumani walichimba mifupa ya dinosaria kuanzia 1909 hadi 1913. Aliyesimamia vibarua alikuwa Boheti bin Amrani, na wapagazi waliibeba hadi bandarini Lindi kwa miguu. Leo mifupa hiyo iko Berlin, na mnyama mmoja aliyesimamishwa ukumbini ana kimo cha mita 13.27. Sioni kwa nini mimi nifanye vilevile kwa kiwango cha rafu ya sebuleni.

Ukikuta mfupa wa jiwe umejitokeza kwenye korongo baada ya mvua, weka kalamu pembeni ili ukubwa uonekane, piga picha ya karibu na ya mbali, hifadhi mahali hapo kwenye ramani ya simu, kisha toa taarifa serikali ya kijiji na watu wa Mambo ya Kale. Kiu ya kuvitazama ikikushika, Arusha tuna Makumbusho ya Elimu Viumbe kwenye boma la zamani la Wajerumani, na Oldupai pana makumbusho yake. Walioko pwani wana bahati ya pekee: kuta za majumba ya kale ya Kilwa na za Mji Mkongwe wa Zanzibar zimejengwa kwa mawe ya matumbawe. Sogeza lupu (kile kioo kidogo cha kukuzia) ukutani utaona vyumba vya matumbawe na makombe yaliyokufa zamani sana, bila kung'oa kitu.

Kenya nako visukuku vinalindwa, chini ya sheria ya makumbusho na urithi ya mwaka 2006. Kwa hiyo kuanzia hapa nazungumzia madini tu.

Vifaa

Vingi unavyo. Lupu ya kukuza mara 10, ile wanayotumia watu wa vito. Tochi ya kawaida na tochi ya kukagulia noti. Kisu cha chuma, msumari, sumaku kutoka kwenye spika mbovu. Kipande cha kioo cha dirisha: nenda kwa fundi yeyote wa vioo, omba kipande kilichobaki, utapewa bure, ila mwombe akusugulie kingo. Kigae kimoja cha bafuni, tena unachokihitaji ni mgongo wake usio na rangi. Siki. Mzani wa dijitali unaosoma hadi sehemu ya kumi ya gramu. Uzi. Miwani ya fundi kwa ajili ya siku utakayoshika nyundo, na hiyo si ya hiari. Chembe ya kwatsi kwenye jicho inakata kuliko kioo.

Na kabla hujanunua mawe mengi, jitengenezee ngazi ya ugumu. Friedrich Mohs aliipanga mwaka 1812 kwa namba 1 hadi 10, na kanuni yake haina fumbo: jiwe gumu linakwaruza lililo laini. Ya kwangu nimeijaza kwa vitu vya huku. Kinywe (grafaiti) kipo chini kabisa, kinaacha alama kwenye karatasi na kwenye vidole. Namba 2 ni jasi, kama inayochimbwa Makanya kule Same, kucha inaikwaruza. Ulanga (maika) uko karibu na 2.5. Kalsaiti ni 3, na waya wa shaba unakaribiana nayo. Kisu cha kawaida na kioo cha dirisha vipo karibu na 5.5. Feldispa 6, kwatsi 7, spineli 8, rubi na safaya 9. Juu yake ni almasi peke yake, na nafasi kati ya 9 na 10 ni kubwa mno kuliko namba zinavyoonyesha.

Unapokwaruza, chagua kona ya nyuma isiyoonekana, kamwe si uso wa fuwele. Kisha lowesha kidole ufute. Ikifutika, ule ulikuwa unga wa kile kilicho laini zaidi. Ikibaki, ndiyo mkwaruzo wa kweli.

Kulitambua jiwe

Anza na macho, na rangi iwe ya mwisho. Rangi inadanganya kuliko kitu chochote: kwatsi peke yake inaweza kuwa nyeupe, zambarau, ya moshi, ya waridi au ya njano. Tazama umbo kwanza. Fuwele ya kwatsi ina pande sita na mistari myembamba inayokatiza upana wake. Tomalini ina mistari inayokwenda kwa urefu, na ukiikata katikati unaona pembetatu iliyovimba mbavu. Kisha tazama inavyovunjika. Ulanga unabanduka karatasi moja baada ya nyingine. Kalsaiti inavunjika vipande vya pembe zilizoinama, kila kipande kikifanana na mama yake. Kwatsi haina mpasuko. Inameguka kwa mikunjo ya duara, sawasawa na kioo kinene kikipigwa.

Kisha rangi ya unga. Sugua jiwe kwenye mgongo wa kigae. Hemataiti inaweza kuwa nyeusi inayong'aa, lakini unga wake ni mwekundu wa udongo, na magnetaiti, ambayo kwa mbali ni ndugu yake, unga wake ni mweusi na sumaku inaidaka. Pairaiti, ile inayowapa watu homa ya dhahabu, inaacha unga mweusi wenye ukijani. Dhahabu inaacha njano. Mawe yaliyo magumu kuliko kigae hayaachi unga wake, yanachimba kigae, kwa hiyo kipimo hiki hakifai kwa ganeti au rubi.

Tone la siki ni la kalsaiti, marumaru, mawe ya chokaa na mawe ya matumbawe: linachemka povu. Dolomaiti haichemki mpaka uisage unga. Kwatsi haina habari.

Kipimo ninachokipenda kuliko vyote ni cha uzito, na hiki nitakieleza polepole kwa sababu kinamaliza ubishi mwingi. Pima jiwe likiwa kavu, andika gramu zake. Weka glasi ya maji kwenye mzani, bonyeza isome sifuri. Funga jiwe kwa uzi, lizamishe ndani ya maji lote, lakini lisiguse chini wala kando. Wewe umelishikilia kwa uzi kutoka juu. Mzani utaonyesha namba. Hiyo ni uzito wa maji yaliyosukumwa na jiwe. Gawanya uzito mkavu kwa namba hiyo.

Chukua jiwe la gramu 48. Mzani ukisoma 18.1 ulipolizamisha, jibu ni 2.65, na hiyo ni kwatsi. Ukisoma 12.5, ni 3.84, hapo unazungumza na ganeti. Ukisoma 12, ni 4, na rubi au safaya imeingia chumbani. Kioo cha dirisha kinakaa kwenye 2.5, kinachokaribia kwatsi lakini hakifiki. Jiwe liwe safi, lisiwe na mwamba uliolishikilia, na usikubali vipovu vya hewa vining'inie juu yake majini. Tone la sabuni kwenye maji linasaidia. Jiwe dogo kuliko gramu tano hivi usiliamini sana kwa mzani wa jikoni.

Sasa tuyaweke pamoja. Umepata vijiwe vyekundu vinne kwenye bahasha moja, jambo la kawaida huku. Cha kwanza kina nyuso nyingi kila upande, zenye umbo la almasi ya karata, kama mpira ulioshonwa vipande: umbo hilo ni la ganeti, nyuso 12. Cha pili ni bapa, pande sita, na kwenye ule uso bapa lupu inaonyesha vingazi vidogo vya pembetatu: rubi. Cha tatu ni piramidi mbili zilizogusana vitako: spineli, na kama imetoka Mahenge hongera. Zima taa, washa tochi ya noti. Ganeti inabaki giza. Rubi inawaka nyekundu kana kwamba ina kaa ndani, na spineli nyekundu nayo inaweza kuwaka hivyohivyo, ndiyo maana tochi peke yake haitoshi kuzitenganisha. Rudi kwenye umbo na kwenye mzani, kwa kuwa spineli ni 3.6.

Cha nne hakina umbo lolote, kimeviringika, na kinapendeza kuliko vyote. Shika kwa vidole vikavu: kinapata joto haraka. Weka lupu: ndani mna vipovu vya duara kamili, vingine vimevutika kama yai. Hicho nakijua kwa mkono, ndicho ninachokikata kila siku. Kioo. Mawe ya asili yana uchafu ndani pia, lakini uchafu wake ni sindano, nyufa, utando, vijifuwele vya madini mengine. Kipovu cha duara kinachong'aa ni cha tanuru.

Njia nyingine ya kukamata kioo cha buluu kinachouzwa kwa jina la tanzanaiti ni kukigeuza. Tanzanaiti ukiizungusha mbele ya mwanga inabadilika, upande mmoja buluu, mwingine zambarau, na ile ambayo haijachomwa inaonyesha na kahawia. Kioo ni rangi ileile ukikigeuza mpaka jioni.

Daftari

Jiwe lisilo na mahali lilipotoka ni kokoto yenye rangi. Nasema hivi hata mbele ya wale wenye makabati makubwa kuliko langu. Ganeti ya kijani ya Simanjiro na ya Taita Taveta zinaweza kufanana kabisa. Mwanajiolojia Campbell Bridges aliiona kwanza upande wa Tanzania mwaka 1967, kisha Kenya mwaka 1971, na si bahati nasibu, maana mwamba ni uleule: mkanda wa Msumbiji, uliopikwa na kukandamizwa chini sana miaka mamilioni mia kadhaa iliyopita, unapita pande zote mbili za mpaka. Mahali ndipo panapoliunganisha jiwe na hadithi hiyo. Mahali pakipotea, hakuna mtaalamu atakayekurudishia kwa kutazama tu.

Kwa hiyo, siku uliyolipata, si kesho yake: weka tone dogo la rangi nyeupe ya kucha mgongoni mwa jiwe, likauke, andika namba kwa kalamu ya wino mweusi usiofutika, pitisha rangi ya kucha isiyo na rangi juu yake. Namba hiyo iingie kwenye kaunta buku pamoja na jina la madini, kijiji, wilaya, aina ya mwamba, umelipata kwa nani, tarehe na bei. Kama jina huna uhakika nalo, andika kwa penseli. Muuzaji akikwambia "limetoka Morogoro," muulize Morogoro ipi; Mahenge na Uluguru ni mbali na mawe yake hayafanani. Akisita, andika alichosema na uandike kwamba alisita. Piga picha za kurasa zote mara moja moja, kwani daftari linaweza kulowa na mawe yasilowe.

Kusafisha

Maji, mswaki laini, sabuni kidogo. Asilimia kubwa ya mawe hayahitaji zaidi. Kutu ya kahawia kwenye kwatsi inalegea kwa kulowekwa kwenye maji ya ndimu siku kadhaa, kisha suuza mara nyingi. Ndimu hiyohiyo itaila kalsaiti mbele ya macho yako, kwa hiyo hakikisha hakuna kalsaiti iliyojishika pembeni. Jasi futa kwa kitambaa chenye unyevu tu, fuwele za chumvi brashi kavu tu, na kinywe kipulize, usisugue.

Galena ni madini ya risasi, ile metali yenye sumu. Ukiishika nawa mikono, na isikae mahali watoto wanapofika. Mawe meusi mazito yasiyojulikana yanayotoka kwenye miamba ya ulanga, sipendekezi kuyalaza chumbani. Humo hupatikana madini ya urani.

Kabati

Hapa ndipo kazi yangu na hobi yangu zinapokutana, mnivumilie.

Rafu ya kioo cha milimita 6 ina kilo 15 kwa kila mita ya mraba kabla hujaweka jiwe hata moja. Usiiache iende zaidi ya sentimita 60 bila kitegemeo katikati, na mawe mazito yakae chini na kwenye kona, si katikati ya rafu. Mwambie fundi asugue kingo zote, hata zile zitakazojificha. Mgongo wa kabati watu wengi wanataka kioo cha kujitazama. Nawakatalia mpaka wakasirike: kinazidisha vurugu, kinaonyesha migongo ya mawe na namba zake, na jicho halijui litulie wapi. Rangi ya kijivu isiyong'aa inabeba mawe meupe na meusi vizuri zaidi.

Silikoni. Ile inayonuka siki inapokauka inatoa asidi ya siki, na asidi hiyo ndani ya kabati lililofungwa inashambulia kalsaiti, makombe na vyuma. Tumia ile isiyonuka siki, watu wa duka la vifaa wanaijua. Ukikuta kabati limeshaundwa kwa ile ya siki, liache wazi kabisa mpaka pua isisikie kitu. Mbao za kubana za bei rahisi nazo hutoa mvuke wa aina hiyo kwa muda mrefu. Ndiyo sababu nyingine ya kupenda aluminiamu, ingawa mtasema navutia kwangu.

Taa iwe utepe wa LED mbele juu, ukielekezwa nyuma, ili nyuso za fuwele zimulike kuelekea kwa mtazamaji. Kiboksi cha umeme kikae nje ya kabati, kina joto. Taa ya njano sana inaua buluu, taa nyeupe sana inazimisha nyekundu. Iliyoandikwa 4000K inapatanisha. Jua la dirishani lisiguse kabati: amethisti na fluoraiti hupauka, na rangi ikishaondoka hairudi.

Unyevu ni wa kuangalia hasa kwa walioko Tanga, Mombasa na Unguja. Pairaiti kwenye hewa yenye unyevu huoza kweli. Inatoa unga mweupe au wa njano na asidi inayokula mpaka lebo ya karatasi chini yake. Itenge kwenye kikopo chake chenye mfuniko, pamoja na vile vipakti vya kukausha vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu, na ikianza kutoa unga iondoe mara moja isiambukize majirani.

Kama nyumba iko kando ya barabara ya malori, mawe yatatembea yenyewe kwenye kioo, polepole, mpaka ukutani au mpaka sakafuni. Vile vipira vidogo angavu vya kubandika chini ya vioo vya meza, vitatu kwa kila jiwe, vinamaliza tatizo. Watu hutumia plastisini, ule udongo laini wa kuchezea watoto. Ina mafuta, na jasi itayanywa.

Mpangilio ni wako, ila usipange kwa rangi. Rangi inafanya kabati lionekane kama duka la peremende. Mimi napanga kwa mahali. Rafu moja ni Simanjiro: ganeti ndani ya mwamba wake, kinywe, kalsaiti, vyote vya ukanda mmoja. Nyingine ni Longido, na humo lipo jiwe moja tu kubwa la Mundarara, zoisaiti ya kijani yenye madoa meusi na duru za rubi zilizozungukwa na utepe mweusi. Halihitaji mwenza. Mawe saba yenye nafasi kati yake yanatazamwa. Thelathini yaliyosongamana yanapitiwa. Lebo iwe fupi, maandishi yasomeke umesimama: jina, kijiji, wilaya, mwaka. Bei usiandike. Wezi wanasoma pia.

Na wageni watataka kushika. Badala ya kugombana nao, weka sinia nje ya kabati: kwatsi, magnetaiti na sumaku yake, karatasi chache za ulanga, kipande cha rubi ndani ya zoisaiti pamoja na tochi ya noti. Galena isiwe humo.